Lebo Haimo Ndani ya Barua

Swali ni lilelile, na kila Desemba linarudi likiwa na haraka zaidi, mashirika ya hapa Bunia yanapofunga miradi na wahasibu wanapogundua kuwa sanduku la barua pepe limejaa pomoni: "Injenia, nibonyeze wapi ili barua za zamani zijihifadhi zenyewe na lebo zisipotee?" Anayeuliza huwa tayari amefungua ukurasa wa mipangilio, kidole kiko juu ya kitufe, anangoja niseme ndiyo au hapana.

Sisemi ndiyo wala hapana, maana hayo ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni la mtu aliyechoka kuona barua za 2021 kila anapofungua kikasha. La pili ni la mtu ambaye Google imemwambia nafasi imekwisha, barua haziingii wala hazitoki. La kwanza linajibiwa kwa dakika moja na hakuna lebo inayoguswa. La pili ni kazi yenye hatua, na ndiko lebo zinakofia. Wenye shida ya pili huniuliza swali la kwanza, hupewa jibu la kwanza, na juma likiisha hunipigia simu kulalamika kuwa ile njia yangu haikufanya kitu.

Tulimalize hilo la kwanza. Kitufe ambacho Gmail ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, inakiita "Archiver" kinafanya jambo moja tu: kinaivua barua lebo ya kikasha. Katika Gmail kikasha chenyewe ni lebo kama lebo nyingine. Ukiiondoa, barua haionekani tena mbele, lakini iko palepale ilipokuwa, chini ya "Tous les messages", na lebo ulizoiwekea wewe mwenyewe, ziwe tatu au kumi, hazijaguswa. Uzito wake nao haujaguswa. Akaunti ya bure ina GB 15, na GB hizo zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha. Hifadhi barua 40,000 usiku huu kwa kitufe hicho, kesho asubuhi utaamka na kikasha cheupe na onyo lilelile jekundu la nafasi. Kwa hiyo ukitaka kikasha safi, bonyeza bila hofu. Ukitaka nafasi, kitufe hicho si chako.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe.

Chukua barua moja ya aina ambayo kila biro ya mradi hapa mjini inayo. Mganga mkuu wa zone de santé ya Nizi anaandika kuomba kurudishiwa fedha za mafuta ya pikipiki za chanjo, ameambatanisha picha za risiti. Sekretari anaiwekea lebo tatu: "Nizi", jina la mfadhili, na "Hati ya malipo". Lebo ya kwanza hata mashine ingeweza kuikisia, kwa sababu neno Nizi limo ndani ya barua. Ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu mganga hakutaja mfadhili. Hajui wala hahitaji kujua mafuta yale yanalipwa na mfuko upi. Ya tatu haimo kabisa. Hakuna mahali popote katika barua ile palipoandikwa kwamba hii ndiyo hati mkaguzi atakayoionyeshwa. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeketi mezani siku ile, akajua, akabandika. Mtu huyo akihamia Aru au akipata kazi Kampala, uamuzi wake unabaki mahali pamoja tu, napo ni kwenye lebo.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba lebo ni mapambo na kwamba "tutatafuta kwa neno". Tafuta kwa neno basi. Andika "mafuta" uone yatakayokuja: mafuta ya pikipiki, mafuta ya jenereta, mafuta ya kupikia ya kambi ya Savo, na mwaliko wa arusi wenye orodha ya michango.

Na sheria haicheki. Kongo imo katika OHADA tangu 2012, na sheria yake ya uhasibu inataka vitabu na hati za kuthibitisha matumizi vihifadhiwe miaka 10. Tangu tarehe 1 Januari 2024 mashirika yasiyotafuta faida nayo yamewekewa mfumo wao wa uhasibu chini ya OHADA hiyohiyo, kwa hiyo ule utetezi wa "sisi ni asbl tu" umezeeka. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulizalisha hapa Ituri milima ya barua za matumizi. Hati ya 2019 haitupwi kabla 2029 haijaisha. Miradi ile imefungwa, magari yamegawanywa, waliobandika lebo wametawanyika. Hati zimo kwenye sanduku la barua pepe la mtu fulani, na mtu huyo leo ananiuliza abonyeze wapi.

Jambo ambalo ningependa lieleweke kuliko mengine yote ni hili: lebo haimo ndani ya barua. Barua pepe ni maandishi yenye kichwa na mwili. Kichwani mna aliyetuma, aliyetumiwa, tarehe na mada. Mwilini mna maneno na viambatanisho. Lebo iko nje, katika kumbukumbu za sanduku lenyewe, kwenye seva. Mwenye duka akikukopesha kilo ya sukari, deni haliandikwi kwenye sukari, linaandikwa kwenye daftari lake. Ukiibeba sukari ukaenda nayo Mahagi, daftari limebaki dukani Bunia. Kwa hiyo kila njia ya kuhamisha barua iulizwe swali moja kabla ya jingine lolote: inabeba sukari peke yake, au na daftari pia?

Na hapa ndipo tunakutana na dawa ya mitaani, ambayo nimeikuta katika mashirika mengi kiasi kwamba sasa naitambua kabla sijaonyeshwa. Inatolewa na kijana wa duka la intaneti, au shemeji wa mkurugenzi "anayejua kompyuta", na inaenda hivi: fungua akaunti ya pili ya Gmail, uiite archives hivi au vile, hamishia barua zote za zamani huko, halafu futa kwenye akaunti ya kwanza. Akaunti mpya ina GB 15 nyingine za bure, kila mtu anapumua. Inasikika kama akili. Ni uharibifu, na unafanyika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kusambaza barua. Kuna wanaoenda kwenye mipangilio na kuiamuru Gmail ipeleke kila kitu kwenye anwani ya pili. Amri hiyo inashika barua mpya tu zitakazoingia kuanzia dakika ile. Zile za 2019, ambazo ndizo zilizoleta shida, hazisogei hata hatua moja, na barua ulizotuma wewe hazisambazwi kabisa. Wengine wanagundua hilo na kuanza kusambaza kwa mkono, moja moja, jioni nzima. Wanachopata upande wa pili ni barua yenye "Fwd:" mbele, iliyotumwa na wao wenyewe, tarehe ya jana. Mganga wa Nizi si mtumaji tena, ni maneno yaliyonukuliwa katikati ya barua. Mkaguzi akiiona hati ya Februari 2020 yenye tarehe ya Desemba 2025 atauliza maswali, na ana haki. Lebo? Hakuna hata moja. Daftari limebaki dukani, na duka, kumbuka, linakaribia kufutwa.

Njia ya pili inaonekana ya kitaalamu zaidi, kwa hiyo ni ya hatari zaidi: POP. Hapa barua za zamani huvutwa na programu ya kompyuta ya biro, au, kabla Google haijaanza kuiondoa huduma hiyo mwaka 2026, zilivutwa na akaunti nyingine ya Gmail, kwa itifaki ya POP3. Mtaalamu wa mtaani anaipenda kwa sababu inafanya kazi mara ya kwanza. Barua zinashuka kweli, tarehe ni zilezile, watumaji ni walewale, viambatanisho vimo. Anachukua fedha yake na kuondoka.

POP3 inayotumika leo imeelezwa katika hati ya 1996. Maneno ambayo programu inaweza kuiambia seva yanahesabika kwa vidole. STAT: una barua ngapi? LIST: kila moja ina uzito gani? RETR: nipe ya nne. DELE: futa ya nne. UIDL: nitajie namba za utambulisho. QUIT: kwaheri. Ukiongeza jina la mtumiaji, nenosiri na vingine vidogo, umemaliza lugha nzima. Tafuta humo neno la kuuliza barua hii ina lebo gani. Halipo. Neno la kuuliza iko folda gani halipo pia. Hata neno la kuuliza kama imeshasomwa halipo, ndiyo maana baada ya POP barua zote, pamoja na zile ulizozijibu miaka mitano iliyopita, zinashuka zikiwa zimekolezwa wino kama mpya, zote kwenye folda moja. Si kwamba POP inapoteza lebo njiani. Haikuwahi kuziuliza. Hakuna kisanduku cha kutia tiki, hakuna toleo jipya la programu, hakuna kijana mwerevu kuliko yule wa kwanza atakayeifanya POP3 ibebe kitu ambacho lugha yake haina neno lake.

Halafu kuna chaguo moja katika mipangilio ya POP. Gmail inauliza: barua ikishachukuliwa kwa POP, nakala yangu niifanyeje? Unaweza kuibakiza, kuihifadhi au kuifuta. Mtaalamu wa mtaani anachagua kuifuta, kwa kuwa aliitwa kuleta nafasi. Nakala inakwenda kwenye taka, na taka ya Gmail inajisafisha baada ya siku 30. Kwa hiyo kuna mwezi mmoja ambao daftari bado linaweza kuokolewa. Hakuna anayelifungua mwezi huo, kwa sababu kila mtu anafurahia nafasi. Lebo zinatafutwa mkaguzi anapotua kwenye uwanja wa ndege wa Bunia, na hapo mwezi umeshapita mara nyingi.

Tuseme hata hivyo bahati imekuwa upande wako na akaunti ya pili imepokea kila kitu. Bado ni mahali pabaya pa kuweka kumbukumbu. Tangu Desemba 2023 Google inajipa haki ya kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili. Sasa niambie, ni akaunti gani katika shirika lako ambayo hakuna mtu anayeifungua kwa miaka miwili? Ni hiyohiyo ya kumbukumbu. Tena namba ya simu ya kuirejesha ni ya mfanyakazi aliyeondoka, nenosiri liko kwenye daftari la mtu aliyeko Kisangani, na barua ya onyo Google imeipeleka katika sanduku lilelile ambalo halifunguliwi. Ukitaka kutengeneza mtambo wa kupoteza hati za miaka 10 kwa utulivu, bila kelele, ungetengeneza huo.

Mama mmoja mhasibu aliniuliza kwa upole, baada ya kumweleza yote hayo: "Lakini Injenia, mbona kwa wengine inafanya kazi?" Inafanya kazi kwa ambao hawajaombwa hati bado.

Programu za barua pepe za kwenye kompyuta, Thunderbird na Outlook, nazo zina mitego yake, ila hii ni ya kawaida na inazuilika.

Itifaki ya IMAP, ambayo programu hizo zinaweza kuitumia kuzungumza na Gmail, tofauti na POP, inajua folda na inajua alama. Gmail ikizungumza IMAP inazionyesha lebo zako kama folda. Ile barua ya Nizi yenye lebo tatu itaonekana katika folda tatu, na mara ya nne katika folda ya barua zote. Ni barua moja. Programu usiyoipanga vizuri inaweza kuishusha mara nne, na kwa anayenunua mega kwa kadi hilo si jambo dogo, hasa ukikumbuka kwamba kiambatanisho ndani ya barua pepe hunenepa kwa karibu theluthi moja kuliko faili lenyewe. Na ukiiburuta kutoka folda ya "Nizi" ukaiweka kwenye diski ya kompyuta, Gmail kwa mipangilio ya kawaida inaelewa hivi: ondoa lebo ya Nizi. Basi. Barua haijafutwa, nafasi haijarudi, na sasa nakala ya seva imepungukiwa lebo moja. Watu wanaburuta folda baada ya folda usiku kucha wakishangaa kwa nini ile GB 15 haisogei. Mwisho wa usiku wamezivua barua zote nguo, na mzigo uko palepale.

Thunderbird ina kitufe chake cha kuhifadhi, na chenyewe kwa kawaida kinapanga barua kwa mwaka: 2019, 2020, 2021. Kama mpangilio wako ulikuwa wa folda, jina la folda limekwisha kazi, kwa sababu barua za Nizi, za Komanda na za Rwampara zote zimemwagwa katika 2020. Kuna tiki ya kuhifadhi muundo wa folda uliokuwapo, imejificha kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya nakala na folda. Haijatiwa mpaka uitie. Zile tagi za rangi ni habari nyingine: alama yenyewe husafiri na barua kama seva inaikubali, lakini jina na rangi yake vimeandikwa kwenye kompyuta yako. Ukifungua kumbukumbu kwenye mashine mpya unaona barua tupu, unalia. Usilie. Unda upya tagi yenye jina lilelile kabisa, herufi kwa herufi, na kwa kawaida rangi zinarudi.

Outlook ina utani wake. Hifadhi yake ya kujiendesha inapima umri wa barua kwa tarehe iliyo karibu zaidi kati ya kupokelewa na kuguswa mara ya mwisho. Kwa hiyo sekretari mwenye bidii aliyekaa Jumamosi nzima akizipa barua za 2019 kategoria zake vizuri kabla hazijahifadhiwa, amezifanya zote ziwe za Jumamosi. Programu inazitazama, inaziona changa, inaziacha. Yule mvivu ambaye hakupanga chochote, za kwake zimehifadhiwa zote. Kategoria zenyewe husafiri na barua hadi kwenye faili la kumbukumbu. Rangi ndiyo inayobaki kwenye sanduku la zamani, unaiongeza tena kwenye orodha.

Kisha kuna jambo la herufi zetu, ambalo waandishi wa maelekezo ya intaneti hawalifikirii kwa sababu hawaandiki Kifaransa. Lebo yenye herufi ya "é" haisafiri kwa sura yake. Katika IMAP, "Santé" huandikwa "Sant&AOk-". Katika faili linaloshushwa kutoka Google, kichwani mwa kila barua kuna mstari wa X-Gmail-Labels, nao ukiwa na "Boîte de réception" utauona hivi: =?UTF-8?Q?Bo=C3=AEte_de_r=C3=A9ception?=. Nimeshaona mtu akifungua faili kama hilo kwa programu ya kuandikia, akaona uchafu huo, akahitimisha limeharibika, akalifuta. Halikuwa limeharibika. Hiyo ndiyo lebo yenyewe, imevaa nguo za safari, na programu inayofahamu itaivua. Mkwaju nao ni mtego. Gmail ikiona "12/2023" inaelewa lebo ndogo ya "2023" ndani ya lebo kubwa ya "12". Windows kwa upande wake haikubali mkwaju katika jina la folda. Majina ya lebo za kazi yaandike bila é, bila ç, bila mkwaju. "Sante-Nizi-2023" haipendezi, lakini inafika.

Haya, njia zenyewe, haraka, maana nafasi yangu inaisha.

Unataka kikasha kijisafishe tu? Vichujio vya Gmail havina saa, haviwezi kungoja barua izeeke. Andika skripti fupi ya Google Apps Script, uipe zamu ya kila usiku, itafute in:inbox older_than:1y has:userlabels, ihifadhi mia mia. Hilo has:userlabels maana yake ni kwamba barua ambayo hakuna aliyeiwekea lebo inabaki mbele ya macho mpaka mwenye sanduku aone aibu. Angalizo: Gmail inatafuta mazungumzo mazima, kwa hiyo mazungumzo yaliyoanza 2022 na kujibiwa jana yatakamatwa pia. Iambie skripti itazame tarehe ya barua ya mwisho.

Unataka nafasi, na unataka nakala ya kusoma siku ya ukaguzi? Takeout ya Google. Chagua barua peke yake, chagua lebo unazozitaka, utapata faili la mbox lenye ule mstari wa lebo katika kila barua. Inaweza kujirudia yenyewe kila miezi miwili kwa mwaka mmoja, kisha uipange tena. Kiungo cha kushusha kinaishi siku 7, kwa hiyo usiombe faili la GB 12 juma ambalo huna mega. Ligawe vipande vya GB 2.

Unataka nakala inayoweza kurudishwa pamoja na lebo zake katika akaunti nyingine? Got Your Back, programu ya bure, inayoendeshwa kwa kuandika amri. Inashusha kila barua mara moja tu hata ikiwa na lebo kumi, na kuweka lebo katika hifadhidata ndogo kando yake. Usitenganishe hizo mbili, usinakili barua na kuacha faili la hifadhidata. Iambie older_than:2y, iweke kwenye zamu ya kila mwezi, na umeme ukikatika katikati iendeshe tena, inaruka zilizokwisha kushuka.

Unahama kutoka seva hadi seva? imapsync, ukiiambia isawazishe lebo, kama pande zote mbili ni Gmail. Uko Outlook? Kategoria kwanza, subiri umri upite, au zihamishe kwa mkono kwenye faili la kumbukumbu. Uko Thunderbird? Ile tiki. Uko POP? Toka POP leo.

Kabla ya kufuta chochote, chukua barua tatu zenye lebo nyingi, mojawapo iwe na kiambatanisho kizito na nyingine lebo yenye "é". Zihifadhi kwa njia uliyoichagua, zirudishe katika akaunti tupu ya majaribio, ukatazame. Lebo zote zimerudi? Endelea. Imepungua moja? Simama hapo. Nakala mbili, diski mbili, moja isilale Bunia. Mnajua wenyewe ni mara ngapi biro za mji huu zimehamishwa kwa haraka. Na karatasi moja yenye orodha ya lebo zote na maana ya kila moja, kwa sababu "ZS-R2-OK" ilieleweka kwa mtu mmoja, naye yuko Kampala.

Na kwa wale watakaofuta leo na kunipigia kesho asubuhi kwamba onyo jekundu bado lipo: barua zilizofutwa ziko kwenye taka na taka inahesabiwa. Ama ungoje siku 30, ama uimwage mwenyewe, baada ya lile jaribio la barua tatu.